Mpango Wangu wa Kupoza Kompyuta Ulisomwa Kanisani

Mimi ni katibu wa kanisa letu hapa Molo, na Jumapili iliyopita nilijianika mwenyewe.

Mke wangu Naomi huhariri video za harusi, na hata baridi ya Molo hailiwezi joto la kompyuta yake. Alinikataza kuigusa tangu siku niliyoifungua, nikaifunga, nikabaki na skrubu nne mkononi. Lakini nilikuwa nimetazama video za kupoza kompyuta kwa maji, nikajiona injinia. Nikaandika mpango, nikautia mfukoni pamoja na matangazo ya kanisa.

Wakati wa matangazo nikampa mzee wa kanisa karatasi. Akavaa miwani, akasoma kwa sauti:

"Tangi dogo. Pampu. Mipira mita mbili. Kuwasha mtambo Naomi akienda Olenguruone. Asijue."

Mzee akanitazama juu ya miwani.

"Katibu," mzee akaniuliza, "siku hizi unapika pombe ya chang'aa?"

Niliruka kitini. "Hapana, mzee! Ni maji tu, ya kuweka ndani ya kompyuta!"

Watu wakacheka, nami nikashusha pumzi. Ndipo Naomi akasimama katikati ya kwaya.

"Kompyuta gani, Baba Brian? Ile yangu?"