Mpira Mbele ya Lango la Chuma

Shule niliiacha mapema, lakini mtaa mzima wa Panda unajua nyumba yangu ni ya ghorofa, na ni milango iliyoijenga. Karibu kila kiwanja kikubwa huko kina lango nililochomelea kwa mikono hii. Kwa hiyo niliposema nitajifunza kutengeneza picha zinazotembea kwenye kompyuta, ili watu waone lango langu likifunguka ndani ya simu zao, sikuwa natania. Niliwaambia wote: wateja, wanakwaya wenzangu, na shemeji yangu, ambaye alicheka mpaka akaweka glasi chini.

"Weye shemeji, hata message ni bibi yako anakuandikiaka."

Ni kweli, mke wangu ndiye huniandikia, lakini nikamwambia asubiri.

Darasa lilikuwa katikati ya mji, chumba kimoja juu ya duka la dawa. Mwalimu alikuwa binti. Sisi tulimwita mademoiselle, yeye akaniita papa, yaani baba. Wanafunzi wengine wote ni rika la watoto wangu. Zoezi la kwanza: mpira uanguke, uguse chini, uruke. Atakayeshindwa kufikia Ijumaa, akasema, ataanza upya na kundi lijalo. Nirudi Panda nikamwambie shemeji nimerudishwa nyuma kwa sababu ya mpira? Hapana.

Kazi yenyewe ni hivi: unachora mpira, unauchora tena umesogea kidogo, na tena, halafu kompyuta inazionyesha picha hizo harakaharaka na jicho linaamini mpira unatembea. Nikaona hii ni kazi ya lango. Fito zangu za chuma huwa nazipanga kwa nafasi sawa, mteja apime atakavyo. Mipira nikaipanga vilevile, toka juu hadi chini, safi kabisa. Nilimaliza wa kwanza, nikamwita mademoiselle kwa sauti ili wote wasikie.

Akabonyeza. Mpira ukashuka kwa adabu, ukafika chini, ukapanda kwa adabu ileile.

Kijana aliyekaa nyuma yangu akasema, "Papa, hii mupira haianguke. Iko inashuka na asansere."

Darasa likaangua kicheko, maana lifti hushuka kwa mwendo mmoja tu. Mademoiselle akanieleza kwamba juu mipira isongamane, chini iachane. Nikabisha. Nikamwambia nikiachanisha fito namna hiyo, mbuzi watapita. Hakushindana na mimi. Alisema tu niende nikatazame kitu kinachoanguka.

Nikatazama. Niliangusha mpira uani mpaka mkono ukachoka, lakini jicho halikushika kitu. Ndipo nikaliona lango la mteja limesimama ukutani, fito zake zimelala moja juu ya nyingine kutoka chini mpaka juu ya kichwa changu. Nikamwita mke wangu aache bukari, ugali wetu, jikoni, ashike simu, anipige video nikiachia mpira mbele ya lango.

"Papa wa watoto," akasema, "mwenye lango akipita sasa, atasema nini?"

"Atasema fundi wake anasoma. Shika simu, usitikisike."

Kisha nikaisimamisha video ile picha kwa picha. Juu kabisa mpira haukutaka kuachana na fito ya kwanza. Halafu ukapita fito moja, halafu mbili, na karibu na ardhi ukavuka nyingi kwa mara moja. Nikachukua chaki, nikatia alama kwenye chuma mahali mpira ulipokuwa katika kila picha. Mke wangu aliporudi jikoni alikuta bukari imeshika sufuria. Tuliila hivyohivyo.

Ijumaa nikapanga mipira upya kwa kufuata alama zangu, nilizozinakili kwenye karatasi. Umeme ukakatika, kazi ikapotea, nikaanza tena. Nilipomaliza sikumwita mtu. Mademoiselle alikuja mwenyewe, akabonyeza. Mpira ukasita juu, ukaanguka, ukagonga chini, ukainuka kidogo tu.

Kijana wa asansere akachungulia kutoka nyuma. "Sasa inaanguka, papa. Lakini iko muzito sana."

"Ni ya chuma," nikamwambia. "Ulifikiri miye ningekutengenezea ya hewa?"

Mademoiselle alicheka, kisha akautazama tena bila kucheka. Akasema mpira wenye uzito anaupokea, nifungue zoezi la pili.

Lilikuwa mlango unaofunguka. Nikavuta kiti karibu, nikamwambia kijana yule atazame vizuri.