Umri wa Kwenye Pasipoti

Picha zilifika kwenye simu Jumamosi, tukiwa tunachambua mchicha jikoni kwetu Njiro. Kaka wa mume wangu, anayefanya kazi Afrika Kusini, alikuwa ametimiza ahadi yake. Mama yao anafikisha miaka sabini, na ukoo mzima tutapanda meli kubwa kule Durban, siku nne majini. Mimi bahari nimeiona mara moja tu, Tanga, tena kwa mbali. Lakini wanangu wala hawakuitazama bahari. Walitazama chumba cha watoto.

Meli ile ina klabu za watoto, na zimegawanywa kwa umri. Miaka mitatu hadi mitano mahali pao, sita hadi minane mahali pao, tisa na kuendelea wako ghorofa nyingine kabisa. Hiyo ya sita hadi minane ina bwawa la mipira ya plastiki na mtelezo unaozunguka. Mwanangu wa kiume ana miaka sita. Aliuangalia ule mtelezo mpaka akasahau kupepesa macho.

"Mi-mi-mimi na dada," akasema.

"Mimi na wewe," dada yake akamjibu. "Nitakushika mkono."

Huyu mdogo ana kigugumizi. Nyumbani tunamsubiri amalize, na anamaliza. Mbele ya wageni hafungui kinywa kabisa. Dada yake ndiye anayemsemea: anataka maji, ameumia, anataka kwenda chooni. Mwaka jana shule ya Jumapili waliwatenganisha asubuhi moja tu, mtoto akajikojolea pale pale kwenye benchi kwa kukosa wa kumsemea. Alinirudia amefunga sweta kiunoni. Sweta lile silisahau.

Sasa, binti yangu ana miaka minane. Nimemzaa mimi, najua. Ila pasipoti yake inasema tisa, na aliyeifanya iseme hivyo ni mimi huyu huyu.

Alipokuwa na miaka mitano alikuwa anasoma kila kibao cha duka tunalopita, na mimi kichwa kikavimba. Shule niliyoitaka ikasema darasa la kwanza ni miaka sita kamili. Kusubiri mwaka mzima nikaona ni kumchelewesha mtoto. Basi nikafanya walichofanya wenzangu wengi tu hapa mtaani. Nikasema karatasi ya hospitali imepotea, nikaenda kwa wakili, nikala kiapo kwa mdomo huu ninaoimbia kwaya kwamba mtoto ana sita. Cheti cha kuzaliwa kikatoka na mwaka mpya. Yeye mwenyewe nilimwambia ukiulizwa, sema sita. "Lakini nina mitano," akasema. Nikamwambia umeshakua. Alifurahi sana, akaenda kuwaambia majirani.

Niliwaandikia wenye meli. Nikawaeleza habari ya kigugumizi, nikaomba dada akae na mdogo wake. Wakajibu kwa adabu nyingi: umri ni ule ulio kwenye pasipoti siku ya kupanda, na mzazi haruhusiwi kukaa ndani. Wakamalizia kwa kunishukuru kwa kuelewa. Aliyewaambia nimeelewa nani?

Kubadilisha pasipoti kunataka cheti kipya. Cheti kipya kinataka nirudi kusema kiapo kilikuwa cha uongo, halafu shule nayo ijue, na safari ilikuwa imebaki wiki tano. Mume wangu aliniuliza swali moja tu: "Utaanza kumwambia nani?" Nikasema basi, klabu tutaacha, watoto watakaa na sisi. Mdogo akalia mpaka akatapika. Nikarudisha maneno yangu.

Jumapili tukapanda kwa mama mkwe, huko juu ya Makumira, kuchukua kitambulisho chake cha kuombea pasipoti. Karatasi zake zote ziko kwenye kopo la biskuti, na za wajukuu zimo, maana haamini kama sisi wa mjini tunajua kutunza kitu. Macho yake hayaoni vizuri siku hizi, kwa hiyo alimpa binti yangu kopo. "Wewe msomi, nitafutie."

Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nakata ndizi. Nikamwona anakuja mbio kati ya migomba, karatasi mkononi, anacheka mpaka ufizi unaonekana.

"Mama, mimi nina miaka minane. Cheti cha ubatizo kimesema. Nimehesabu mara mbili, na bibi amesema ni kweli, nilizaliwa wakichuma kahawa ya mwaka ule. Mama, naweza kukaa naye."

Ningeomba ardhi inimeze, lakini ilibidi nijibu.

"Hiyo ni ya kanisani," nikamwambia. "Kwenye meli wanaangalia pasipoti."

"Basi pasipoti imekosea. Tuwaambie."

"Haikukosea. Iliandikwa nilivyowaambia mimi."

Akaitazama tena karatasi. Mama mkwe alikuwa amesimama mlango wa nyuma na kifuniko cha kopo mkononi.

"Uliwaambia uongo?"

"Ndiyo."

"Na mimi?"

"Na wewe."

Hakulia. Aliikunja ile karatasi kwa kufuata mikunjo yake ya zamani, akairudisha kwenye kopo. Njia nzima ya kurudi mjini alikuwa kiti cha nyuma anamfundisha mdogo wake kuomba kwenda chooni kwa Kiingereza. Mtoto anakwama kwenye herufi ya kwanza, anarudia, anakwama tena. Nami nimeshika usukani, nimeshindwa hata kumwambia aache.

Siku tatu baadaye shemeji alipiga simu ya video ajaze fomu za klabu. Mtu mcheshi yule, akataka kila mtoto aseme umri wake mwenyewe. Binti yangu akashika simu, mdogo wake amemwegemea, ameng'ang'ania gauni lake.

"Shikamoo baba mkubwa."

"Marahaba, mrembo wangu. Nikuandike miaka mingapi?"

Akaniangalia. Hakuwa na hasira. Hasira ya mtoto ningejua pa kuipeleka.

"Muulize mama," akasema. "Yeye ndiye huwa anasema."

Akanipa simu. Mdogo wake naye akainua uso kunitazama, akisubiri. Nikasema tisa.