Shangazi Ndinda na Riwaya ya Askofu
Shangazi Ndinda, karani mstaafu, aliongoza jumuiya yetu ya kanisa hapa Ziwani kwa miaka kumi na mmoja. Jumanne moja wanajumuiya walikuja kwake kusali, na mmoja wao, Mama Oketch, akaona riwaya kwenye kochi, ile ambamo askofu anatiliwa sumu na mmoja wa mapadri wake.

“Kiongozi mzima unasoma matusi haya?”

“Wewe umeisoma?”

“Uchafu hausomwi. Ichane hapa mbele yetu, ama uache uongozi.”

“Nimebakiza kurasa thelathini, Mama Oketch, na bado sijajua ni padri yupi.”

Hakuna aliyecheka. Shangazi akampa Mama Oketch daftari la jumuiya, akawafungulia mlango. Walitoka bila kuaga.

Nilimuuliza kama kuuacha uongozi kumemuuma.

“Nyamaza nisome,” akasema, lakini hakufunua ukurasa.