Mkwe Kando ya Kitanda

Mume wangu alipigwa pembe na nyati akilinda mahindi yetu huku Karatu, karibu na msitu wa Ngorongoro. Nje jeraha lilipona, lakini ndani liliacha tundu kati ya njia ya haja kubwa na njia ya mkojo, mkojo ukawa unatokea nyuma. Mwanaume aliyekuwa wa kwanza kufika kwenye pombe ya jirani anayelimiwa shamba na wenzake, akaacha kabisa kukaa na watu. Wenye midomo walisema walivyotaka. Mimi niliwajibu, na wala si kwa adabu.

Hospitalini daktari wa upasuaji alimtolea kwanza utumbo nje kupitia tundu la tumboni, choo kipitie huko, ili kule chini kupumzike. Miezi ikapita ndipo akaliziba tundu lenyewe na kumwacha na mpira wa mkojo. Mpira ukitoka, tuliambiwa, akojoe mbele na nyuma pabaki pakavu. Hapo atakuwa amepona.

Siku ya kuutoa, mama yangu akafika kutoka Singida na kuku kikapuni. Alisita mlangoni mwa wodi. Nikamvuta mkono.

"Mgonjwa hana mkwe, mama. Ingia."

Nikamkalisha kitini kando ya kitanda, furaha imenijaa.

Mume wangu akanywa maji, uji, chai. Akapewa chupa ya kukojolea. Wapi! Akageukia ukutani, jasho linamtoka. Mchana daktari akambonyeza kibofu, akatikisa kichwa: huenda njia imeziba, mpira urudishwe.

"Unaumwa?" nikamnong'oneza.

"Siumwi. Nimebanwa."

"Sasa si ukojoe!"

Akanitazama kwa hasira, kisha akakitazama kiti. "Mbele ya mkwe?"

Lo! Mwanaume wa kwetu hata kula mbele ya mama mkwe hawezi, nami nilikuwa nimemwekea mkwewe hapo tangu asubuhi. Nikamweleza daktari. Akaketi, akacheka mpaka akavua miwani.

"Si nilikuambia?" mama akasema, ingawa hakuwa ameniambia lolote. Akabeba kuku wake, akatoka.

Haukupita muda, chupa ikaanza kulia. Muuguzi akapapasa shuka nyuma: kavu. Nililia kwa sauti, wodi nzima ya wanaume ikinitazama, na sikujali. Nje ya dirisha mama akapiga kigelegele kirefu.

Mkojo ukakatika.

"Mwambie aende mbali," mume wangu akasema, amejifunika uso kwa shuka. "Sijamaliza."