Kitabu nilichokitoa kwenye troli, na kosa alilobebeshwa mwenzangu

Wakuu, nawasalimu kwa amani. Humu mimi ni msomaji zaidi kuliko mwandishi, vidole vyangu vizito. Lakini hili nimelibeba tangu mwaka jana, na leo nimeamua kulitua. Nitasema nilichokifanya mimi mwenyewe, pamoja na ile sehemu ambayo ningependa kuiruka.

Nafanya kazi katika maktaba ya chuo kimoja hapa Voi. Jina lake tuliache. Siketi pale mbele wanafunzi wanapoazima vitabu. Niko chumba cha nyuma, nashona na kutia gundi vitabu vilivyochanika. Wenzangu huniita Maalim, kwa sababu jioni nafundisha watoto madrasa mtaani kwetu.

Chumbani tulikuwa watatu.

Mwadime, mtu wa Wundanyi, maneno mengi na mizaha mingi, ndiye anayeingiza kitabu kwenye kompyuta na kukipa namba. Mkamburi, binti wa Mbololo, huzichapisha zile namba kwenye lebo na kuzibandika migongoni mwa vitabu. Mimi na Mwadime tuna ajira ya kudumu. Mkamburi alikuwa wa contract ya mwaka mmoja mmoja, na mwaka wake ulikuwa unakaribia kwisha.

Niwaeleze kidogo kazi inavyokwenda, maana bila hivyo kosa lenyewe halitaeleweka.

Mwadime akimaliza vitabu, huvipanga kwenye troli kwa mfuatano. Lebo nazo hutoka kwenye printa kwa mfuatano uleule. Mkamburi anabandua lebo ya kwanza, kitabu cha kwanza. Ya pili, cha pili. Kwa hiyo tuna sheria moja ambayo haijaandikwa popote: troli ikishapangwa, haiguswi. Hata kitabu kikianguka, unamwita Mwadime.

Kawaida Mkamburi pia hufungua kila kitabu na kulinganisha lebo na namba ambayo Mwadime ameiandika ndani kwa penseli. Lakini wiki ile tulikuwa mbioni. Wakaguzi walikuwa wanakuja kuangalia kama maktaba inafaa kwa kozi mpya ya uuguzi, na vitabu mia na arobaini vilikuwa bado.

Mwadime akamwambia, "Wee Mkamburi, ukifungua moja moja utazeekea hapa kama Maalim. Bandika tu mfululizo."

Tukacheka sote. Mimi pia nilicheka.

Siku hiyohiyo, kabla hajaanza kubandika, nilipita kando ya troli nikaona kitabu kinene cha anatomia, mgongo umelegea. Nikawaza, mkaguzi akikishika hiki kurasa zitamwagika. Nikakitoa. Nikavisogeza vilivyobaki visilale, nikakitia gundi na kukibana kwenye shindikizo langu la mbao mbili. Nilijiambia nitamjulisha Mwadime akirudi kutoka kwa chai.

Sikumjulisha. Nilisahau kabisa.

Siku mbili baadaye, kesho yake ikiwa ndiyo siku ya wakaguzi, mhadhiri mmoja alikwenda rafuni kutafuta kitabu cha ukunga. Mahali pake akakuta cha magonjwa ya meno. Akajaribu cha pili, yaleyale.

Mkuu wa maktaba, Bi. Wakio, alikuja chumbani kwetu mwenyewe na vile vitabu viwili mkononi. Yeye hapigi kelele. Akikasirika sauti inashuka, na hapo ndipo pa kuogopa.

"Nani alibandika?"

"Ni mimi, madam," Mkamburi akasema.

"Nimeangalia. Zaidi ya vitabu mia haviko mahali pake, na kesho nina wageni. Mkamburi, siwezi kupendekeza uongezewe contract. Barua inaenda HR leo jioni."

Akatoka. Mkamburi akakaa juu ya katoni, akalia.

"Mimi nilibandika vile zilikuwa zimefuatana, haki ya Mungu. Mpaka mwisho ikabaki lebo moja, nikafikiri printa imerudia, nikatupa."

Lebo moja ilibaki.

Nikageuza macho kwenye shindikizo, na kitabu cha anatomia kilikuwa palepale, katikati ya zile mbao mbili. Kitabu kilichokifuata kilivaa lebo yake. Cha nyuma yake kikavaa ya huyo. Hivyo hivyo hadi mwisho wa troli.

Mwadime alikuwa ameinamia kompyuta, anabonyeza vitufe ambavyo havikuwa na kazi yoyote. Adhana ya adhuhuri ikasikika, nikachukua kofia yangu nikatoka.

Msikitini niliswali, sijui niliswali nini. Nilikuwa nimeomba niongezewe mwaka mmoja baada ya umri wa kustaafu, na ombi lilikuwa juu ya meza ya Bi. Wakio. Nafsi ikaniambia: wewe mzee, yeye bado kijana, atapata kazi kwingine. Watoto wa madrasa nawafundisha kwamba ushahidi wa kweli hutolewa hata ukimuumiza mwenye kuutoa. Nilikaa pale mkekani hadi mwenye kufagia akaniuliza kama naumwa.

Saa nane nilikwenda moja kwa moja ofisini.

"Bi. Wakio, kuna kitabu kilitoka kwenye troli kabla ya lebo. Nilikitoa mimi."

Akavua miwani. "Maalim, sheria ya troli ni wewe ulinifundisha, nikiwa hapa mwanafunzi wa attachment."

"Ndiyo. Na nimeivunja mimi."

"Barua nimeshaandika."

"Basi iandike upya, uweke jina langu."

Akatazama saa ya ukutani. "Saa kumi na moja nitapita rafuni, nichague vitabu vitano mwenyewe. Kimoja kikikosea, sitaki kusikia maelezo ya mtu."

Nikarudi nikawaambia wenzangu. Mwadime akasema, "Na mimi nilimwambia asilinganishe. Sikumwambia madam."

Tukaona tuvikusanye vyote tuanze upya, lakini saa zilizobaki hazikutosha. Mkamburi akafuta uso.

"Ngojeni. Kila kitabu kimevaa lebo ya jirani yake wa mbele, si ndiyo? Basi tuvitoe rafuni kwa kufuata ile list ya namba aliyochapisha Mwadime. Tukifika kwa kile cha Maalim, tukiweke mahali pake. Ule mfuatano unarudi wenyewe."

Ilikuwa kweli.

Mwadime akawa anatoa na kusoma namba kwa sauti. Mkamburi anafungua, anaangalia penseli, anabandika lebo mpya juu ya ile ya zamani. Mimi nafunika kwa selotepu na kurudisha rafuni. Hakuna aliyetania. Saa tisa na nusu umeme ukapotea, na karatasi ya mwisho ya lebo ilikuwa bado haijachapishwa.

"Sasa tumekwisha," Mwadime akasema.

"Leta kalamu nyeusi," Mkamburi akajibu. Akaziandika kwa mkono, moja moja, herufi zimenyooka utadhani za printa.

Bi. Wakio alikuja saa kumi na moja kamili. Kitabu cha kwanza, sawa. Cha pili, cha tatu, cha nne, sawa. Cha tano kilikuwa cha lebo ya mkono. Akakisogeza karibu na miwani.

"Hii ni nini?"

"Stima ilipotea, madam. Fungua ndani uone."

Akafungua, akalinganisha, akakirudisha mahali pake. "Mkamburi, kesho wewe ndiye utawazungusha wageni kwenye hizi rafu."

Ile barua haikwenda. Wiki iliyofuata ikaenda nyingine, ya kumwongezea contract. Mimi nilipewa onyo la maandishi, liko kwenye faili langu, na ni haki yangu. Ombi langu halijajibiwa hadi leo, nasubiri. Alhamdulillahi kwa yote.

Lakini jioni ile, tukitoka getini, Mkamburi aliniuliza kwa upole kabisa:

"Maalim, nikilia pale mchana, ulikuwa ushajua?"

Nikamwambia, "Ndiyo, mwanangu."

"Na ukaenda kuswali kwanza?"

"Ndiyo."

Akatikisa kichwa, akapanda bodaboda akaenda zake. Tunafanya kazi pamoja hadi leo, tunaheshimiana, na swali hilo hajalirudia.

Nilichojifunza ni hiki: wanaofanya kazi pamoja mahali wasipoonekana hushikana kwa kuambiana tu. Nimetoa hiki, nimesogeza kile, nimekosea hapa. Na swala si mahali pa kwenda kujificha na maneno ambayo mwenzako anayahitaji sasa hivi.

Mlio kwenye maktaba, maabara, stoo na majiko ya vyuo, nanyi semeni. Na anayeona nilipaswa kujibu pale pale kabla ya adhana kwisha, aniambie waziwazi. Sitakasirika.