Walitufungia Bwambale watatu na Mumbere wawili kwenye gemu la kukunja protini

Wakuu, poleni na mihangaiko. Hii imenikuta mwenyewe, sitii chumvi hata punje.

Ni miezi michache tu iliyopita. Nafundisha baiolojia huku Bwera, magharibi mwa Uganda. Binti yangu wa kwanza, Masika, ana selimundu. Maumivu yakimshika tunapanda boda hadi hospitali ya misheni Kisinga, nimempakata, roho iko juu.

Basi nikakutana na gemu la mtandaoni. Unakunja protini kwenye skrini, maumbo mazuri yanachunguzwa na wanasayansi. Wachezaji wanaruhusiwa kupendekeza fumbo jipya, wenzao wanalipigia kura.

Nikapendekeza tubuni protini ndogo ya kuzuia hemoglobini ya selimundu isishikamane. Niliandika kitaalamu mpaka nikajiona profesa.

Siku tatu, kura sifuri.

Sikutulia jamani. Darasani nachungulia simu, kanisani nachungulia simu. Mke wangu, mtu wa upande wa Congo, akaniuliza: "Baba Masika, bale bazungu beko najibu ao bado?"

Uvumilivu ukanishinda. Nikawakusanya jamaa wanne kwenye kafe ya intaneti, nikawafundisha kucheza kwenye kompyuta ileile ninayotumia mimi. Wakafungua akaunti kwa majina yao halali, wakapiga kura.

Kesho yake pendekezo limefutwa, akaunti zote tano zimefungwa. Msimamizi wa gemu anasema huyu ni mtu mmoja anadanganya: kompyuta moja, Bwambale watatu, Mumbere wawili!

Nilitamani kuipasua simu.

Wakuu, kwetu Bakonzo jina linafuata nafasi ya kuzaliwa. Mvulana wa kwanza Mumbere, wa pili Bwambale. Ita Bwambale sokoni uone watakavyogeuka.

Nikamwandikia hayo yote kwa hasira. Akajibu siku hiyohiyo, akaomba radhi, akatufungulia na pendekezo akalirudisha. Halafu akauliza: "Lakini kwa nini nyote mnalihangaikia fumbo hili moja?"

Nikarudia kulisoma pendekezo langu. Kurasa mbili nzima, mtoto sikumtaja popote. Niliona aibu kweli.

Nikafuta utaalamu wote, nikaandika: "Masika ni jina la binti wa kwanza. Wangu ana miaka saba, mifupa inamuuma mpaka anashindwa kulia. Nataka akue."

Kura zikaanza kuingia, za watu nisiowajua.

Fumbo lenyewe halijatoka, na simu bado naichungulia. Nilichojifunza: ukiomba msaada, anza na mtu, protini zitafuata.

Karibuni mchangie. Na mwenye mtoto wa selimundu humu, andika jina lake hapo chini, nikaliongeze kwenye pendekezo.