Mlango wa Pili

Kiwanda kilikuwa cha sabuni, hapa mtaa wa Baba Dogo, Nairobi, na kilipofungwa walibaki njiwa tu. Siku ya kwanza kuingia na wasanifu majengo wenzangu tuliopewa kazi ya kukigeuza kuwa nyumba za kupanga, nilisimama katikati, nikaangalia juu. Nguzo nene, madirisha marefu hadi darini, mwanga mpaka kona ya mwisho. Mungu wangu, nani aliijengea sabuni jumba kama hili, na wafanyakazi wake wakalala vyumba visivyo na dirisha hapo ng'ambo ya barabara?

Tukakubaliana hatubomoi kitu. Maji ya mvua tutayakinga kutoka paa lile lile, na ndani kuta zitakuwa za mbao, za kusukuma kwenye reli, ili familia ikikua chumba kiongezeke. Fundi mkuu alicheka mpaka akakaa chini.

"Madam, kuta za kusukuma? Mpangaji akihama si atahama na sebule?"

Acha acheke. Kichwani nilikuwa na mpangaji mmoja tu, mama yangu. Kwetu magharibi, mama halali nyumba moja na mume wa bintiye. Ni mwiko, basi. Macho yake yalikuwa yanafifia, daktari alitaka kumwona hapa Nairobi kila wiki, na kila nikimwomba aje akae kwetu jibu lilikuwa lile lile.

"Nilale kwa mkwe? Afadhali nipofuke na heshima yangu."

Nililia, nikagomba, nikamwita mkaidi. Wapi! Hakutikisika.

Ndiyo maana kila nyumba niliichorea mlango wa pili wa kutokea kwenye varanda. Ukivuta ukuta na kuufunga, chumba cha pembeni kinabaki peke yake, na choo chake. Jengo lilipokwisha mimi na mume wangu tukapanga nyumba humo, nikamleta Mama aone. Alipapasa ukuta kwa viganja. Akatoka kwa mlango wake, akaingia tena.

"Na paa? Si ni moja na la mkwe?"

"Paa ni la wote, Mama. Hata la wale wa juu."

Akaguna. "Sawa. Nitapika wapi?"

Choo nilikuwa nimeweka, sinki nimeweka, lakini mahali pa kupikia sikupafikiria hata kidogo. Nilidhani atakula kwetu.

"Nikila chungu chenu, nimelala kwa mkwe," alisema, akiutafuta mkoba wake. "Nikiwa na jiko langu, yeye ni jirani. Nipeleke stendi."

Mume wangu alikuwa upande wa pili wa ukuta, na mbao hazifichi neno. Nilisikia viatu vyake vikishuka ngazi. Baadaye mlango wa varanda ukabishwa, nikafungua. Hakukuwa na mtu. Chini palikuwa na meko mpya ya gesi na sufuria ndogo, na yeye alikuwa amekimbia asikutane uso kwa uso na mama mkwe. Mama aliigusa ile meko pande zote, akaweka mkoba chini.

Asubuhi harufu ya chai ilipenya mbao. Halafu ukuta ukagongwa.

"Jirani! Mna sukari?"

Mume wangu alisimama na kikombe mkononi, macho yamemtoka. Miaka yote ya ndoa yetu, mama yangu hakuwahi kumwomba kitu.

"Tunayo, Mama," akasema. "Tunaleta."